Kaunta buku ya NIMEKISOMA: watoto wa kidato cha kwanza na cha pili wanavyopeana vitabu wenyewe

Ticha_Ngamiani (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, sitanuna.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, sekondari ya kata, mkoani Tanga. Nina kidato cha kwanza na cha pili, watoto wa miaka 13 hadi 15. Siku nakabidhiwa ufunguo wa stoo ya vitabu nilikuta makabati mawili, panya mmoja, na vitabu vya hadithi kama 140 ukiacha vya kiada. Vingine kurasa zilikuwa bado zimegandana tangu kiwandani.

Nikafanya walivyonifanyia walimu wangu. Nikachukua manila na marka peni nyekundu, nikaandika VITABU 20 AMBAVYO KILA MWANAFUNZI ANAPASWA KUSOMA, nikabandika ukutani. Muhula mzima waliokuja kuazima ni 11, na 6 kati ya hao nilikuwa nimewaahidi alama za bure.

Kilichogeuza mambo sikukipanga. Binti mmoja wa kidato cha pili alirudisha Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, akasahau ndani yake kikaratasi alichotaka kumpa mwenzake wa dawati moja. Kilisema: "Kuna kiongozi anachapa nyani wawili kila usiku. Hapendi ila anachapa. Kachukue uone kwa nini."

Kesho yake yule mwenzake akaja kukiulizia. Keshokutwa wawili. Kufika Ijumaa nina watoto watano na nakala moja, wanagombea zamu kama wapo bombani. Kitabu cha mwaka 1952 hicho! Mimi nimekitaja darasani miaka nane: dhamira, ujumbe, falsafa ya mwandishi. Hata siku moja sikuwahi kuanza na wale nyani.

Jumatatu nikanunua kaunta buku, nikaitoboa, nikaifunga dirishani kwa kamba ya katani (Tanga hii, katani hatununui) pamoja na peni. Juu nikaandika NIMEKISOMA. Nikaweka na masharti tisa. Ndani ya wiki mbili yalikuwa yamekatwakatwa yote, yamebaki matatu, tena kwa maneno yao:

1. Andika kama umekisoma kweli. Chai hatutaki.
2. Usimwage ubuyu wa mwisho.
3. Kama kimekuchosha sema, na useme umeishia ukurasa gani.

La tatu lilinikera. Mwalimu gani anafungua daftari la kuponda vitabu? Nikataka kulifuta. Nashukuru sikulifuta, na hilo hasa ndilo lililonifanya nije hapa. Nitalirudia. Kwanza nataka kusikia: nani kwenye shule yake, mtaani kwake au nyumbani kwake ameona watoto wa umri huu wakipeana vitabu? Wanavipeanaje?


Mzee_wa_Kibanda

Naweka mkeka hapa. Ngoja waje wenye shule zao.


Kipanga_Jr

Mwalimu, nia nzuri, ila hao watoto mwisho wa mwaka wana mtihani wa taifa wa kidato cha pili. Mtihani hauulizi "kitabu gani kimekuchosha". Muda wa kusoma nyani wautoe wapi? Mimi nilisoma vya mtihani tu na leo nakula vizuri.


Ticha_Ngamiani

@Kipanga_Jr hongera kwa kula vizuri. Hoja yako ndiyo ile ile aliyonipa mwalimu wa taaluma siku ya kwanza: "wasome vya mtihani, hivyo vingine watasoma likizo." Likizo vitabu vimefungiwa stoo, funguo ninazo mimi, na mimi nipo shamba.

Lakini tizama hili. Mtoto wa kwetu anatoka darasa la saba amesoma karibu kila kitu kwa Kiswahili, anaingia kidato cha kwanza anakuta karibu kila kitu kwa Kiingereza ukiacha somo langu. Miezi ya mwanzo wengi wanakuwa kama wamezibwa masikio. Sasa kwenye ile kaunta buku wakaanza kuchora vijiwe pembeni ya vitabu vya Kiingereza. Nikauliza hivi ni nini? Wakanijibu: "Mawe, mwalimu. Kama ya kwenye mchele." Jiwe moja, unatafuna tu. Mawe matatu, chukua kamusi. Mawe matano, muombe dada akusaidie.

Hawa the Bus Driver ya Richard Mabala wameipa jiwe moja, na mmoja kaandika chini yake: "Ni cha Kiingereza lakini kinapitika, nilijishtukia nimemaliza." Mimi sikuwahi kufikiria kuvipanga vitabu kwa mawe. Orodha yangu ya manila ilikuwa imevichanganya, cha mawe matano kimekaa juu kabisa kwa sababu ndicho nilichokipenda nikiwa chuo. Mtoto aliyeanza na kile hakurudi tena.


Bin_Makame

Assalaam alaykum. Hapa Unguja skuli yetu hatuna daftari, tuna ngazi. Watoto wanakaa kwenye ngazi wakati wa mapumziko na mmoja anasimulia. Mwaka jana alikuwepo kijana wa fomu ya kwanza, mdogo wa umbo, sauti kama ya adhana, amesoma Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla. Akawaeleza maiti ilivyokutwa kule mzimuni, akawaeleza mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, akafika pahala Bwana Msa ameshajua muuaji na wengine wote bado. Hapo akanyamaza. Wakamwambia endelea. Akasema: "Kitabu kipo kwa mwalimu."

Wallahi nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango nikacheka hadi machozi. Kitabu kilipata zawadi kwenye mashindano ya uandishi ya 1957/58, kikachapwa 1960, na bado kinafanya kazi yake. Nilikuwa na nakala mbili. Baada ya ngazi ile ikabidi nikaazime mbili zaidi kwa jamaa yangu Mwembeladu, na moja haijarudi hadi leo, Mungu amsamehe aliyenayo.

Lakini ticha, hilo la kuwaruhusu kuponda mimi silikubali. Mtoto wa miaka 14 anajua nini kuhusu Shaaban Robert?


Ticha_Ngamiani

@Bin_Makame wa alaykum salaam, kaka. Huyo kijana wa ngazi mniletee Tanga kwa mkopo.

Kuhusu kuponda, na mimi nilisema hayo hayo. Nikuoneshe kurasa mbili.

Kabla sharti la tatu halijashika, daftari lilikuwa hivi: "Kitabu hiki ni kizuri sana kina mafunzo mengi." Ukurasa mzima. Vitabu tofauti, mwandiko tofauti, sentensi moja. Wameitoa wapi? Kwetu. Ndiyo sentensi tunayoipigia vema. Kijana mmoja kaiandika chini ya Kusadikika ya Shaaban Robert. Wenzake wakamwandikia hapo hapo: "Nchi yenyewe iko wapi?" Akajibu: "Afrika." Wakamjibu: "Iko ANGANI. Chai." Tangu siku hiyo neno "mafunzo" ni marufuku kwenye kaunta buku. Sikulipiga marufuku mimi.

Sasa ukurasa wa pili, baada ya sharti la tatu. Kitabu ni kile kile, Kusadikika.

"Nimeishia uk. 6. Maneno mazito kama ugali wa jana."

Chini yake, mwandiko mwingine: "Mimi pia nilikwama. Ruka mpaka waanze kuelezwa wajumbe, ni sita, kila mmoja katumwa upande wake mpaka mbinguni na ardhini. Ukimaliza rudi mwanzo, utaelewa kwa nini Karama ameshitakiwa."

Chini yake, yule wa kwanza: "Nimeruka. Kweli. Nimerudi."

Kaka, mimi nimesoma ualimu, na katika miaka yangu yote sijawahi kumwambia mtoto "ruka". Ningeona dhambi. Huyu kamwambia mwenzake aruke, na kwa kumruhusu aruke kamfanya akisome chote. Asingesema kwamba amekwama, nani angemwonesha mlango?

Kuna na hili: sifa ya mtu asiyewahi kuponda haina bei. Yule binti wa nyani ndiye mpondaji mkubwa kuliko wote, kaponda vitabu tisa. Ndiyo maana akisifu kimoja kinaisha kabatini siku hiyo hiyo.


Mama_Wawili

Naomba niulize kama mzazi, tusirushiane mawe (ya mchele wala ya kawaida). Wangu wa kidato cha kwanza alirudi nyumbani na riwaya ya kipelelezi ya zamani, ya miaka ya themanini, jalada limechakaa, kapewa na mwenzake. Nikafungua katikati. Jamani. Bastola sawa, lakini yale ya hotelini? Nikaificha chini ya godoro. Sasa je, kwa utaratibu wako wa kuachia watoto wenyewe, haya yanaishia wapi?


Shuka_ya_Kati

@Mama_Wawili chini ya godoro atakisoma, dada yangu. Mimi vya kwangu vyote nilivisomea chini ya godoro la mama.


Mama_Wawili

😂😂 Nimekwenda kuangalia. Hakipo.


Ticha_Ngamiani

Mama Wawili, swali lako ni la haki na sina jibu la kukupa lote.

Ninachofanya mimi: kabatini naweka nilichokisoma. Kama sijakisoma hakiingii, hata kiwe cha nani. Kinachotoka mfukoni mwa mtoto sikioni, na siwezi kukipekua. Lakini nimegundua kwamba watoto wenyewe wanawekeana alama. Kuna kitabu wameandika: "Kina mambo ya wakubwa sura ya mwisho, form one subirini." Ni kweli form one wengine walikikimbilia kwa sababu ya hilo tangazo, sitakudanganya. Wengine walisubiri.

Na tukumbuke kwamba ya wakubwa yenyewe huwa yanahama. Rosa Mistika ya Kezilahabi ilitoka 1971 ikapigwa marufuku mashuleni, kisha ikaja kuwa kitabu cha kufundishia. Mimi kidato cha pili siwapi, nawaachia walimu wa madarasa ya juu. Lakini mtoto akinikuta akaniuliza inahusu nini, namwambia. Nikimnyamazia ataenda kuuliza pengine.


Mwalimu_Kitale

Hamjambo wenzangu. Nawasoma kutoka Kitale, Trans Nzoia, Kenya. Nafunza Gredi ya 7 hadi ya 9, ambayo huku huitwa sekondari msingi. Mambo yetu ni tofauti kidogo. Gredi ya 7 ya kwanza ilianza 2023, na madarasa haya yamewekwa ndani ya shule za msingi. Kwa hiyo vitabu vya hadithi tulivyorithi ni vya watoto wadogo: sungura na fisi, maandishi makubwa, picha kila ukurasa. Kijana wa miaka 14 ambaye ameanza kuota ndevu hawezi kuonekana na sungura mkononi. Huona haya. Hata akikipenda hawezi kumwambia mwenzake.

Nilijaribu kuwapa nafasi ya dakika tano kila Jumatano mwanafunzi asimame aeleze kitabu. Ilikufa baada ya wiki tatu. Walikuwa wanakariri maneno ya nyuma ya jalada, na wenzao wanapiga makofi kwa sababu nimesema wapige.

Hili la kaunta buku naliona lina faida moja ambayo mwenye uzi hajaitaja: mtoto haonekani usoni. Wangu waoga watakuwa wengi zaidi kuliko wale wa ngazi za Unguja.

Swali: mlifanyaje kwa wavulana? Wangu hawagusi kitabu ambacho msichana amekisifu.


Ticha_Ngamiani

@Mwalimu_Kitale karibu sana mwalimu mwenzangu. Kitale! Subiri nitakueleza kwa nini nimeruka kwenye kiti.

Wavulana: hata kwetu ilikuwa hivyo. Hawaandiki majina, wanaandika namba, lakini mwandiko wanaujua. Kilichosaidia ni golikipa wa timu ya shule. Aliumia goti, akawa anakaa nje ya uwanja wiki tano, na nje ya uwanja ndipo lilipo dirisha langu. Akasoma Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo. Aliandika mistari miwili tu: "Watoto wanafukuzwa shule, baba mlevi, mama anauza chakula. Namjua huyu mama." Sikumuuliza anamjua vipi, na wenzake hawakumuuliza. Kitabu kikazunguka timu nzima mpaka jalada likaondoka, tukalirudisha kwa selotepu.

Kwa hiyo jibu langu kwako: tafuta golikipa. Sina mbinu nyingine, kusema kweli.

Sasa Kitale. Siku Njema ya Ken Walibora unaijua kuliko mimi, huko kwenu iliwahi kuwa kitabu teule cha shule. Huku haikuwa kwenye mitaala yetu. Mimi niliikuta sokoni kwa muuza mitumba ya vitabu. Nikaitupa kabatini bila neno. Kijana mmoja akaisoma, kesho yake daftarini herufi kubwa ukurasa mzima: "WATANGA WENZANGU HIKI NI CHETU. Kongowea amekulia HAPA HAPA, mama yake mwimbaji wa taarabu. Halafu anaondoka kwenda Kenya, mpaka Kitale, kumtafuta baba yake." Ndiyo kitabu kilichoazimwa kuliko vyote mwaka ule. Na wote wananiuliza Kitale ni wapi, ni mbali kiasi gani, kuna baridi? Wewe ndiye mtu wa kwanza wa Kitale niliyezungumza naye.


Mwalimu_Kitale

Kuna baridi, waambie waje na sweta. Na mahindi tele.

Inachekesha kwamba huku Siku Njema imekufa kwa sababu iliwahi kuwa kitabu teule. Wazazi na shangazi zao waliisomea mtihani. Nyumbani kuna nakala tatu, na kila nakala ina mwongozo wake pembeni. Mwongozo ndio uliochakaa, riwaya ni mpya! Mtoto anajua "sifa na umuhimu wa Kongowea" kabla hajakutana na Kongowea mwenyewe. Mkiniuliza adui wa kusoma ni nani, sitawataja simu. Nitautaja mwongozo.


Kipanga_Jr

Hapo kwa mwongozo umenigusa, nakiri. Mimi mwenyewe nilifaulu fasihi bila kusoma hata riwaya moja mpaka mwisho. Sijui nijivunie au nijifiche.


Fundi_Redio

Wakuu mwenye PDF za hivyo vitabu vyote vilivyotajwa atupie hapa.


Ticha_Ngamiani

@Fundi_Redio hatutupii hapa, samahani. Waandishi wa Kiswahili wanakula kwa tabu bila hata sisi kuwanyang'anya. Ukitaka vya bure kwa halali, kuna hadithi za African Storybook, zimewekwa mtandaoni kwa leseni huria, Kiswahili kimo na unaruhusiwa hata kuchapa. Ila ni za wadogo zaidi, ni yale yale ya sungura wa mwalimu wa Kitale. Vingine nenda maktaba ya mkoa. Watoto wangu wanne wana kadi za maktaba na wanaazima kwa niaba ya darasa. Hilo nalo lilianza kwenye kaunta buku: "Tumemaliza za humu, twendeni kule."


Nuru_Muscat

Salamu kutoka Maskati. Sisi huku watoto wetu Kiswahili wanakizungumza na bibi zao, lakini kukisoma hawakijui, skuli ni Kiarabu na Kiingereza. Binti yangu ana miaka 13. Binamu yake wa Pemba anamtumia sauti kwenye wasap, anamsomea kurasa mbili mbili kila usiku. Wako kwenye Kisima cha Giningi, riwaya nyingine ya huyo huyo Bwana Msa. Jana usiku bundo lilimkatika Pemba mahali pabaya, binti yangu akanijia analia: "Mama mtumie vocha sasa hivi." Nimetuma. Sijui kama hiyo nayo inahesabika kwenye uzi huu.


Bin_Makame

@Nuru_Muscat inahesabika mara mbili. Na binamu ni mjanja, huenda bundo halikukatika 😄


Dada_Mkubwa_Korogwe

Naandika kwa niaba ya mdogo wangu, yupo kidato cha pili, miaka 14, amekaa hapa anasema niandike neno kwa neno. Haya:

"Walimu mnapenda kutuuliza kitabu kinafundisha nini. Mtu akikuonesha mpira wa Simba na Yanga unamuuliza unafundisha nini? Mimi nikimpa rafiki yangu kitabu namwambia sehemu moja tu. Moja. Ukimwambia mbili anaona uvivu. Marimba ya Majaliwa namwambia kuna mtoto kaibiwa marimba anaizunguka Tanzania yote kuitafuta. Basi. Takadini namwambia mama kazaa mtoto mwenye ualbino, wazee wa kijiji wanataka auawe, anatoroka naye usiku. Basi. Halafu namwangalia usoni, kama hajauliza 'ikawaje' simpi, nampa mwingine. Vitabu vyetu vichache, haviwezi kukaa kwa mtu ambaye hajauliza ikawaje."

Mwisho wa kunukuu. Amekwenda kuosha vyombo.


Ticha_Ngamiani

Mwambie amenifundisha kazi. "Simpi kama hajauliza ikawaje" nitaiandika juu ya kabati.

Na niseme kuhusu Takadini kwa sababu ameitaja. Ni riwaya ya Ben Hanson, imekuwa kwenye orodha ya kusoma mashuleni, kwa hiyo nilidhani wataichukulia kama kazi. Kwenye kaunta buku iliandikwa maneno matano: "Soma kabla hujaita mtu jina." Shuleni kwetu yupo mwanafunzi mwenye ualbino. Sijui nani aliandika, na mwandiko ule sijauona tena.


Mzee_wa_Kibanda

Ticha na Peponi je? Ile riwaya ya Abdulrazak Gurnah, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Mswahili wetu kapata Nobeli 2021 na tafsiri imetoka 2022, watoto hawastahili?


Ticha_Ngamiani

Wanastahili, mzee, ila si leo. Yusuf ana miaka 12 kitabu kinapoanza, na hapo ndipo watu wanadhani ni cha watoto. Nilimpa binti wa nyani aijaribu kwanza. Aliirudisha baada ya wiki: "Nimeishia uk. 40. Sijakichoka. Mimi ndiye bado." Nimeiweka rafu ya juu, anaijua ilipo.

@Mwalimu_Kitale nimekufikiria. Nina nakala mbili mbili za baadhi ya vitabu na wewe una vya sungura tu. Nikufungie boksi? Basi la Tanga kwenda Mombasa kupitia Horohoro kondakta namfahamu, kutoka Mombasa itabidi utafute mtu.


Mwalimu_Kitale

Mombasa nina shemeji. Mwalimu, sijui nikushukuruje. Nami nitakutumia zile Siku Njema tatu, bila miongozo.


Ticha_Ngamiani

Watoto wamefunga boksi wenyewe. Wameweka Adili na Nduguze, Mzimu wa Watu wa Kale, Marimba ya Majaliwa, Watoto wa Mama N'tilie, na kaunta buku mpya iliyokwisha andikwa masharti matatu. Golikipa kaweka na mita mbili za katani, anasema Kenya huenda hawana.


Mwalimu_Kitale

Boksi limefika salama baada ya siku tisa, siku tano kati yake lilikuwa chini ya kitanda cha shemeji. Kitabu kimoja kimelowa pembeni, kinasomeka. Katani nimeifunga dirishani jana asubuhi. Leo nimekuta maandishi ya kwanza, Gredi ya 8, nanukuu yalivyo:

"Adili na Nduguze. Tanga walisema kuna nyani. Nimefika uk. 9 nyani hakuna. Chai?"


Ticha_Ngamiani

Nimemsomea binti. Anasema mwambie aongeze kurasa chache, asiruke.